Uwanja wa ndege wa Msalato utazaa mji, au utazaa madalali tu?

#1 Mtoto wa Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu.

Jumamosi nilikwenda mnadani Msalato, hapa Dodoma, kula nyama, nikarudi na kizunguzungu ambacho si cha nyama. Dalali mmoja alinikuta nimekaa, akavuta stuli, akatoa simu na kunionyesha mchoro: maghorofa ya vioo, barabara ya njia sita, hoteli, maghala, na ndege inapita juu ya paa kama kunguru. "Hii ndiyo Msalato ya miaka kumi ijayo. Uwanja ukianza, mji wote unahamia huku." Kiwanja cha mita 20 kwa 30, pori tupu, lakini bei yake ukiisikia unaweza kudhani tayari kina nyumba na mke ndani.

Nilimuuliza swali moja tu. Hao watu wa kwenye maghorofa watakuwa wanafanya kazi gani? Akajibu, "Uwanja ukija, kazi zinakuja."

Hapo ndipo naomba msaada. Sibishi kwamba uwanja unahitajika. Ule wa mjini umebanwa na nyumba kila upande, na Msalato kuna njia ya kurukia ya kilomita 3.6, si mchezo. Wachina wanamwaga hela zao pale tangu jiwe la msingi liwekwe Oktoba 2022. Ninachobisha ni imani hii kwamba ndege inazaa mji. Nitajieni uwanja mmoja Tanzania hii uliozaa mji. Mimi nasema hakuna.

#2 Kiti cha Mbao

Nimekaa pale kwenye kivuli cha mbuyu. Waje wajuzi.

#3 Zabibu Kavu

Mleta uzi, swali zuri, ila jibu ulikuwa nalo mfukoni kabla hujauliza.

Kwanza nisahihishe. Hela nyingi si za Wachina. Wakandarasi wametoka China, lakini mkopo mkubwa ni wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, dola milioni 198.63, uliidhinishwa Desemba 2019. Mradi mzima ulikadiriwa dola milioni 329 na ushee. Maana yake deni ni letu, wewe na mimi na huyo dalali.

Pili, jambo lenyewe lina jina. Watu wa mipango miji wanaliita aerotropolisi: mji ambao kiini chake ni uwanja wa ndege, kama Mwanza ilivyo na ziwa lake au Dar na bandari yake. Aliyelieneza zaidi ni profesa wa Marekani, John Kasarda. Anasema miji ilikua kwenye bandari, ikaja kwenye reli, ikaja kwenye barabara kuu, na sasa zamu ni ya ndege, kwa sababu biashara ya leo anashinda anayewahi. Mfano anaoupenda kila mtu ni Memphis. FedEx walihamia pale 1973, na mpaka leo kuna viwanda na maghala yaliyojipanga kuuzunguka uwanja kwa sababu moja tu: ukipeleka kifurushi usiku, asubuhi kimefika.

Na usisahau unapokaa. Dodoma ilikuwa nini kabla ya Mjerumani kuleta reli? Kama reli iliweza, kwa nini ndege ishindwe?

#4 Kijana wa Bomang'ombe

Zabibu Kavu, nikusaidie. Mimi nimezaliwa naona taa za KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku nikiwa uani kwetu.

KIA ilifunguliwa 1971. Njia yake ya kurukia ni kilomita 3.6, sawasawa na hiyo ya Msalato mnayoisifia. Ndege kubwa kutoka Ulaya zinatua. Watalii wa Serengeti na mlima wanashukia pale. Miaka zaidi ya hamsini. Mji uko wapi? Ukishuka njia panda utakuta vibanda vya chipsi, teksi, maduka ya vocha, halafu ng'ombe na vumbi mpaka upeo wa macho. Bomang'ombe imekua, kweli, lakini imekuzwa na barabara ya Moshi–Arusha. Watalii hawajui hata kama ipo, wanapita wamelala kwenye Land Cruiser.

Mleta uzi yuko sahihi. Nimemaliza.

#5 Binti Kondoa

Kaka wa Bomang'ombe hujamaliza. Umeacha kipande muhimu zaidi.

Eneo la KIA ni kama kilomita za mraba 110. Lilitengwa lote kwa ajili ya uwanja, na vijiji vilivyomo na vinavyolizunguka vimekuwa kwenye mgogoro wa mipaka kwa miaka mingi. Sasa unategemea mji uote wapi, hewani? Mtu akijenga choo anaambiwa yuko ndani ya uwanja. KIA haithibitishi kwamba ndege haizai mji. Pale uzazi ulifungwa tangu mwanzo.

Halafu KIA ni mtoto wa baba wawili. Iliwekwa katikati ya Arusha na Moshi, kama kilomita 50 kutoka kila upande, kila mji ukabaki na hoteli zake na ofisi zake. Msalato ni kilomita 12 hivi kutoka katikati ya jiji. Bajaji inafika.

#6 Kijana wa Bomang'ombe

Binti Kondoa, nakubali hilo la ardhi. Ila 110 zote hizo zingefunguliwa kesho, nani angekuja kujenga kiwanda, na cha nini? Hilo ndilo swali la mleta uzi.

#7 Dalali wa Ipagala

Nimekuwa nasoma kimya, lakini madalali mnatuonea.

Mlisema hivi hivi kuhusu Nzuguni. Stendi kuu ilipohamishwa mlisema nani ataenda kule porini, abiria watateseka. Leo nendeni mkaulize bei ya fremu karibu na stendi na soko. Walionunua mapema wanapangisha. Mlisema hivi hivi kuhusu Mtumba, kwamba mji wa serikali ni maneno ya siasa. Wizara zipo kule sasa, na wenye viwanja Iyumbu na Ihumwa hawaongei na watu.

Mji unafuata palipo na watu wanaopita. Uwanja wa ndege unapitisha watu. Hesabu ngumu iko wapi?

#8 Mtoto wa Nkuhungu

@Dalali wa Ipagala stendi inapitisha watu wenye magunia, njaa na muda wa kupoteza. Ndiyo maana fremu zinauza. Abiria wa ndege anapitiliza na gari la ofisi, vioo vimepandishwa, mpaka hotelini Area D. Atanunua nini kwako, ubuyu?

#9 Kiti cha Mbao

Ubuyu unauzika sana kwa watu wa ndege, usidharau 😂 Wabunge wanabeba ndoo kwa ndoo.

#10 Mguu Chini

Salaam. Nimefanya kazi viwanja vya ndege miaka kadhaa, si rubani, msinipe vyeo. Naomba nizungumzie huo mchoro wa dalali.

Mchoro ni uongo, na sihitaji kuuona. Kandokando ya uwanja wa ndege mkubwa hujengi unavyotaka. Kwa kanuni za kimataifa, ukichora duara la kilomita 4 kuzunguka njia ya kurukia ya kiwango hicho, jengo halitakiwi kuvuka mita 45 juu ya usawa wa uwanja. Hiyo ni kama ghorofa kumi na mbili, kumi na tatu. Kwenye mstari ambao ndege zinashukia ni kali zaidi: ukomo unaanzia karibu na ardhi na kupanda mita 2 kwa kila mita 100 unazosogea mbali. Hata mnara wa simu unaombewa kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ongeza kelele. Shule, hospitali na nyumba za kulala hazitakiwi kwenye njia ya ndege, ingawa Tanzania tunajenga kwanza na kulalamika baadaye.

Kwa hiyo ukisikia "maghorofa ya vioo jirani na uwanja", jua umepigwa. Kinachofaa pale ni vitu vya chini na vipana: maghala, karakana, vyumba vya ubaridi, maegesho, hoteli ya ghorofa nne.

Na mnaoshangilia kilomita 3.6, urefu ule si wa fahari tu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana jua linachoma. Hewa ikiwa nyepesi ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka, hasa ikiwa imejaa mafuta na mzigo wa safari ndefu. Ule wa mjini ulirefushwa na bado ndege kubwa za masafa marefu hauziwezi.

#11 Dalali wa Ipagala

Mguu Chini asante, hilo la mita 45 sikulijua. Ila mimi sikuwahi kumwonyesha mtu mchoro wa ghorofa ishirini. Huyo ni dalali mwingine.

#12 Kiti cha Mbao

Daima huwa ni dalali mwingine.

#13 Zabibu Kavu

Sawa, tuache maghorofa. Maghala na vyumba vya ubaridi ndiyo uchumi wenyewe. Kanda hii ina zabibu, ina nyama, ina alizeti ya Singida, ina asali ya Manyoni. Leo zabibu inaoza barabarani. Fikiria inavunwa asubuhi Hombolo, jioni iko kwenye ndege, kesho iko Dubai. Huo ndio mji utakaozaliwa: wapakiaji, mafundi wa majokofu, mabenki, wakaguzi wa ubora, na wote hao wanahitaji pa kulala na pa kula.

#14 Mama Mizabibu

Wanangu, nawasoma na miwani. Mimi nalima zabibu Mpunguzi, ekari mbili na nusu, mwaka wa kumi na tisa huu.

Wewe Zabibu Kavu nadhani jina lako ni la mtandaoni tu. Zabibu zetu nyingi ni za mvinyo, si za kula mezani. Makutupora nyekundu ukimpa Mwarabu wa Dubai atatema, ina mbegu na ganda gumu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika zote zinaiva pamoja. Kinachotuua ni mnunuzi kujua kwamba huna pa kuzihifadhi hata siku tatu. Anakuja saa kumi jioni, anazunguka shamba, anataja bei kama anakusaidia. Nipe chumba cha ubaridi hapa Mpunguzi na umeme usiokatika. Ndege waachieni wabunge.

Mtu akipanda za mezani, zisizo na mbegu, na akajifunza kuzipunguza vishada na kuzipanga kwenye boksi, hapo sawa, tuongee habari ya ndege. Wapo wanaojaribu. Bado wachache.

#15 Zabibu Kavu

Shikamoo mama. Nimekoma.

#16 Bwana Mizigo

Marahaba kwa niaba ya mama 😀

Mimi ni wakala wa forodha Dar, nimeshughulika na mizigo ya ndege muda mrefu. Mzigo haufuati uwanja ulio karibu, unafuata ndege ipi inaondoka lini na kwa bei gani kwa kilo.

Ushahidi mko nao kaskazini. Maua ya Arusha yanalimwa pua na mdomo na KIA, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa imepandishwa malori mpaka Nairobi, kwa sababu kule kuna ndege nyingi zaidi na nafasi ni rahisi. Ua linapita jirani na uwanja wake wa nyumbani, linavuka Namanga.

Sehemu kubwa ya mizigo ya anga duniani inasafiri tumboni mwa ndege za abiria, chini ya miguu yenu. Hakuna abiria wa kutosha wa moja kwa moja kutoka nje, hakuna ndege kubwa. Hakuna ndege kubwa, hakuna tumbo. Ndege ndogo kama Dash 8 za kuja Dodoma, tumbo lake ni la mabegi na ubuyu wa mheshimiwa. Air Tanzania ilipata Boeing 767 ya mizigo mwaka 2023, ni jambo zuri, lakini ndege ya mizigo inapenda kujaa kwenda na kurudi. Ikitoka Dodoma na nyama, itarudi na nini mpaka Dodoma? Bidhaa zinashushwa Dar, wateja wako Dar.

Alizeti sahau. Mzigo wa ndege ni kitu chepesi chenye bei, au kinachooza haraka chenye bei. Kwa kanda hii ninaona kimoja tu: nyama ya mbuzi na kondoo iliyopozwa kwenda Ghuba. Hiyo inabeba gharama ya ndege.

#17 Mnyaki wa Songwe

Bwana Mizigo umesahau parachichi. Sisi Mbeya tuna uwanja wa Songwe tangu 2012 na parachichi linaondoka kwa ndege.

#18 Bwana Mizigo

Mnyaki, parachichi kwa wingi wake linaondoka kwa meli, kwenye kontena la ubaridi. Linavumilia wiki kadhaa. Yanayopanda ndege ni machache sana. Usiniharibie CV.

#19 Mnyaki wa Songwe

Haya bwana. Lakini Songwe kuna nyumba zinaota pale karibu na uwanja, nilipita Desemba.

#20 Mtoto wa Nkuhungu

Zinaota kwa sababu ya ndege au kwa sababu ya barabara ya Tunduma na malori yake?

#21 Mjomba wa Manyoni

Jamani mnaongea kana kwamba treni haipo. SGR imefika Dodoma tangu Julai 2024. Mimi nilikuwa mtu wa ndege kikazi. Hesabu ilikuwa hivi: kwenda uwanjani Dar kwenye foleni ya Tazara, kusubiri, kupaa, kushuka, saa nne zimeisha, na nauli mara nyingi ilikuwa laki na kitu mpaka zaidi. Treni ni kama masaa matatu na nusu, nauli ya kawaida ilianza na 31,000, na unakula karanga ukiangalia milima ya Kilosa.

Kwa hiyo ile njia ya Dar, ambayo ndiyo mkate wa uwanja wa Dodoma, imepata mshindani mkali. Uwanja mpya utaishi kwa nani? Utaishi kwa Mwanza, Kilimanjaro, Bukoba na safari za nje. Na bandari kavu iko Ihumwa, kwenye reli, mashariki. Serikali iko Mtumba, mashariki. Msalato iko kaskazini. Tumejenga moyo upande mmoja na mapafu kijiji cha pili.

#22 Binti Kondoa

Mjomba, barabara ya mzunguko wa nje imewekwa kwa sababu hiyo hiyo. Kilomita 112.3. Inatoka Nala, inapita Veyula, inakwenda Mtumba mpaka Ihumwa, halafu inazunguka Matumbulu kurudi Nala. Veyula na Msalato ni majirani. Kwa hiyo kontena linashuka Ihumwa, au ugeni wa serikali unashuka Msalato na kufika Mtumba, bila kugusa mjini. Ukitazama ramani, hapo ndipo uwanja unapoanza kuwa na maana.

Na mnaongea mizigo tu, hakuna anayetaja watu. Dodoma ni makao makuu. Mikutano ya kimataifa, balozi zikihamia kweli, vyuo, hospitali. Mgeni wa mkutano akitua moja kwa moja, analala hapa siku nne badala ya kulala Dar tatu na hapa moja. Kwetu Kondoa kuna michoro ya miambani ya Kolo, urithi wa dunia tangu 2006, na barabara ya lami inapita pale hadi Babati. Kwa nini mtalii wa Tarangire asiingilie Dodoma?

#23 Kijana wa Bomang'ombe

Kwa sababu KIA iko karibu zaidi na Tarangire, dada. Nyie tupeni michoro, sisi tutawaletea watalii kwa gari.

#24 Binti Kondoa

😏 Tutaonana.

#25 Mpimaji Mstaafu

Wanangu, nimestaafu upimaji. Niliingia Dodoma kijana, wakati CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ina nguvu zake. Ruhusuni mzee aseme machache, na msahihishe nikikosea.

Mji huu umepangwa zaidi ya mji mwingine wowote nchini. Uamuzi wa kuhamia ulitoka 1973, CDA ikaundwa mwaka huohuo, mpango kabambe wa kwanza ukaandikwa na Wakanada 1976, CDA ikavunjwa Mei 2017, na sasa tuko kwenye mpango wa 2019 hadi 2039. Karatasi hatujawahi kukosa. Tulichokosa kwa miaka arobaini ni watu waliolazimika kuja. Serikali ilipohama kweli baada ya 2016 mji ulifumuka wenyewe, hata penye mpango na pasipo na mpango. Sensa ya 2022 jiji lina watu zaidi ya 765,000. Kwa hiyo mimi siamini uwanja huzaa mji, wala siamini hauzai. Kinachozaa mji ni mtu kulazimika kuja na kupata sababu ya kubaki.

Kanda hii ina kumbukumbu ya mambo makubwa. Nendeni Kongwa. Waingereza walileta mradi wa karanga 1947, matrekta, reli, hospitali, wakaufunga 1951 wakiwa wameshapoteza pauni zipatazo milioni 36. Udongo wa Kongwa ukikauka ni saruji, na mvua haikuwa inasoma ratiba yao.

Ila jambo langu ni ardhi. Thamani ya ardhi haipandi siku ndege inapotua. Inapanda siku tangazo linapotoka. Anayeifaidi ni aliyekuwa nayo siku hiyo, au aliyeambiwa mapema. Serikali imekopa, mlipa kodi atalipa, na faida ya ardhi inakwenda kwa mtu aliyenunua ekari kumi kwa Mgogo kwa bei ya mbuzi watatu. Hatuna chombo kizuri cha kuirudisha faida ile ikajenga mitaro na mabomba. Kama mnataka mji wa uwanja, serikali ingechukua eneo pana mapema, ikalipa fidia ya haki, ikapima, ikauza yenyewe polepole.

#26 Mtoto wa Nkuhungu

Shikamoo mzee. Hiyo "fidia ya haki" ndiyo inayonitia shaka.

#27 Mpimaji Mstaafu

Marahaba. Una haki ya kutia shaka. Kanuni za 2001 ziko wazi: bei ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi ya miezi 36, na faida inayopotea. Ikichelewa kupita miezi sita, inadai riba. Kwenye karatasi ni safi.

Mwaka fulani, mradi fulani, mahali sitataja, mimi mwenyewe nilikuwa upande wa pili. Shamba la marehemu mama lilichukuliwa. Mthamini alikuja, akahesabu mibuyu, akaniambia mbuyu si mti wa kupandwa hivyo hauna thamani kubwa. Nikamwambia mama alitusomesha kwa ubuyu wa mti ule. Akaandika kitu kidogo. Malipo yalikuja baada ya miaka, na riba ilikuwa ya kusikia redioni. Mimi najua sheria na nilisumbuka. Bibi wa Veyula asiyejua kusoma?

#28 Kiti cha Mbao

Pole sana mzee. Leo sina utani.

#29 Maji Kwanza

Naona kila kitu kimetajwa isipokuwa kitu pekee kinachoamua Dodoma.

Maji ya jiji hili yametoka Makutupora kwa miongo mingi, visima vya Mzakwe. Angalia ramani: ukitoka mjini kwenda Mzakwe unapita Msalato. Sasa mnataka kuweka maghala ya mafuta, karakana, machinjio, viwanda na vyoo vya watu elfu hamsini upande uleule.

Kile kisima kikubwa, yaani hazina ya maji iliyo chini ya ardhi pale, kina rekodi ya kina cha maji ya zaidi ya nusu karne, moja ya rekodi ndefu Afrika, na wanasayansi wameichambua. Walichokiona ni kwamba hakijazwi na mvua ya kawaida ya kila mwaka. Kinajazwa na miaka michache ya mvua kubwa mno. El Niño ya 1997/98 ndiyo iliyokijaza kuliko zote. Maana yake unaweza kuchota miaka mitano, kumi, ukisubiri mvua moja ya fujo. Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka, na tayari mitaa kibao ina mgawo. Mnasema mji wa uwanja. Sawa, unakunywa nini?

#30 Dalali wa Ipagala

Bwawa la Farkwa linakuja, na maji ya Ziwa Victoria yanakuja.

#31 Maji Kwanza

@Dalali wa Ipagala unauza viwanja vya leo kwa maji ya kesho. Hongera.

#32 Mguu Chini

Nyongeza ndogo kwa Maji Kwanza. Kuna jambo jingine hatujalisema: ndege. Namaanisha ndege wa mbawa. Hapa ni nchi ya mtama na uwele, na kwelea kwelea wakija wanakuja kama wingu. Kundi lile likiingia kwenye injini si hadithi. Kwa hiyo kuzunguka uwanja hutaki mtama, hutaki dampo, hutaki machinjio yaliyo wazi. Nyama ya Bwana Mizigo ichinjiwe mbali, iletwe pale ikiwa imefungwa.

#33 Kiti cha Mbao

Na mnada je? Mwewe wa mnadani Msalato wananyakua mshikaki mkononi, nimeshuhudia. Msituhamishie mnada!

#34 Mtoto wa Nkuhungu

Mnada ukihamishwa naandamana. Hilo si la utani.

#35 Zabibu Kavu

Narudi, mama akiniruhusu. Nimebadilika kidogo, si sana. Nilisoma juu ya Mirabel, uwanja wa Montreal, Kanada, uliofunguliwa 1975. Walichukua ardhi ya wakulima kubwa kupita kiasi, wakaweka uwanja mbali, reli na barabara za kuuunganisha hazikukamilika, na uwanja wa zamani wa mjini wakauacha wazi. Abiria wakang'ang'ania wa zamani. Mwaka 2004 abiria wa mwisho wakaondoka Mirabel. Lakini viwanda vya ndege na mizigo vilibaki pale.

Upande wa pili kuna Zhengzhou, China. Kule kiwanda kikubwa cha simu kilikuja 2010, na eneo la kiuchumi la uwanja likaidhinishwa rasmi 2013. Simu ni nyepesi na ghali, sawasawa na alivyosema Bwana Mizigo. Mzigo ulikuwepo, mpango ukaufuata.

Kwa hiyo swali langu jipya: ule uwanja wetu wa mjini utafungwa au utaachwa wazi? Ukiachwa, tumejitengenezea Mirabel.

#36 Mjomba wa Manyoni

Huo ndio uzi halisi! Ardhi ile ya uwanja wa mjini ni dhahabu. Tuna kata nzima inaitwa Kiwanja cha Ndege. Ukifungwa, kata itaitwaje?

#37 Binti Kondoa

Iwe bustani. Jiji kubwa hili halina mahali pa mtoto kukimbia.

#38 Dalali wa Ipagala

Bustani katikati ya mji 😭 Dada unaniua.

#39 Bwana Mizigo

Itabaki ya ndege ndogo na viongozi, mtaona. Hakuna kiongozi atakayekubali kusogea kilomita 12 kama anaweza kutua nyuma ya ofisi.

#40 Mguu Chini

Bwana Mizigo, viongozi ofisi zao sasa ziko Mtumba. Kutoka uwanja wa mjini nako ni safari.

#41 Mama Mizabibu

Mmeongea sana na hakuna aliyenijibu habari ya chumba cha ubaridi Mpunguzi.

#42 Bwana Mizigo

Mama, shikamoo. Nakuandikia faragha. Kuna vyumba vidogo vinavyotumia jua, wakulima wanaweza kuchanga kikundi. Nitakueleza gharama nilizoona.

#43 Mtoto wa Nkuhungu

Taarifa kwa wadau. Yule dalali kanipigia tena leo asubuhi. Nikamweleza mita 45, kelele, kwelea kwelea, maji ya Mzakwe na karanga za Kongwa. Akanyamaza kidogo, halafu akashusha bei laki nane.

#44 Kiti cha Mbao

Kumbe uzi wetu una thamani ya laki nane.

#45 Dalali wa Ipagala

Narudia, huyo si mimi. Ila hiyo bei... kiko upande gani wa barabara?